Mama Mikono Saba, Mpakaji Vanishi wa Mipini ya Fimbo za Kuvulia (1951–2023)

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Mikono Saba, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi mwashi na mshonaji nguo. Walikaa vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, na babu alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kukohoa kabla ya kujua kusema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza darasa la saba mwaka 1964. Hesabu na kazi za mikono alifanya vizuri sana. Kuhusu kuimba, mwalimu aliandika tu kwamba alihudhuria. Alisoma sekondari miaka miwili, akaacha mwaka 1966 baada ya baba yake kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika nyonga. Tangu hapo alimsaidia mama yake kushona.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya fimbo za kuvulia samaki, awali kama mfagiaji wa maranda. Mpakaji wa zamani, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliona jinsi anavyookota mipini iliyoanguka na kuipapasa kwanza kabla ya kuirudisha mezani. Akampa msasa. Kwa mafundi, kila safari ya vanishi kwenye mti huitwa mkono. Wapakaji wengi waliishia mkono wa tatu au wa nne. Marehemu alipiga saba. Wa kwanza aliuchanganya na tapentaini uwe mwepesi, ili mti uunywe; kila uliofuata aliuacha ukauke siku nzima, akausugua kwa msasa laini, akafuta vumbi, ndipo akapaka mwingine. Mwishoni alichagua mpini mmoja na kuulaza kwenye ndoo ya maji siku tatu, aone kama maji yatapenya. Wageni waliosikia jina lake kabla ya kumwona walikuja wakimchungulia mabegani.

Lipo jambo moja ambalo mwenyewe alitaka lisomwe leo. Julai 1976 mama yake alilazwa hospitali. Ili awahi saa za kuwaona wagonjwa, marehemu alipaka mkono wa pili kwenye mipini sitini kabla wa kwanza haujakauka, na ndoo hakuitumia. Oktoba mipini ilianza kurudishwa. Ilinata kiganjani, vanishi ikabanduka, maji yakaingia na mti ukapasuka. Mwenye karakana aliamua kwamba mbao zilikuwa mbichi. Jumatatu, tarehe 11 Oktoba, alimfukuza mkereza mbao, kijana aliyeichonga mipini hiyo kwa mashine.

Marehemu alinyamaza siku kumi na moja. Alikuja kazini, akapaka, akarudi nyumbani. Ijumaa, tarehe 22, aliingia ofisini akiwa bado na brashi mkononi.

"Mbao hazikuwa mbichi," alisema. "Ni mimi niliyepaka mkono wa pili juu ya vanishi isiyokauka."

Mwenye karakana alimuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Niliogopa kufukuzwa."

"Na sasa?"

"Bado naogopa."

Hakufukuzwa. Alinyang'anywa brashi na kurudishwa kwenye ufagio kwa miezi sita. Mkereza aliitwa, na siku aliyorudi alisimama mbele ya ufagio huo akamuuliza siku zote hizo alikuwa anangoja nini. Marehemu alijibu kwamba alikuwa anangoja mtu mwingine aseme. Mkereza alimwambia hakuna mwingine aliyejua. Akajibu kwamba hilo nalo alilijua. Hawakusemeshana tena hadi mwaka mpya.

Aliporudishiwa brashi, Mei 1977, mkereza aliacha kutumia kikapu na kuanza kumletea mpini mmoja mmoja, hata safari thelathini kwa siku. Mwenye karakana aliuliza kama kikapu kimeibiwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978. Mashangazi walihangaika asubuhi nzima kumtoa vanishi kwenye kucha, mpaka bwana harusi alipotuma ujumbe waiache, asije akakosea bibi harusi. Walijaliwa watoto watatu. Marehemu aliendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 2008, na hakuna mpini wake mwingine uliorudishwa.

Mwaka 2019 kifua kilianza kumsumbua. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Alijibu kwamba havuti, ila amevuta vanishi miaka thelathini na minane. Daktari aliandika yote mawili. Alitumia dawa nyumbani, na kuanzia Januari 2023 mtungi wa oksijeni. Tarehe 28 Mei alilazwa wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Baba alikwenda kila siku mchana, akakaa naye mpaka wauguzi walipomwomba aondoke. Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mimi, binti yake wa pili, nilikuwa nimetoka kumjazia chupa ya maji.

Ameacha mume, mkereza mbao mstaafu. Watoto watatu, wakwe wawili, mdogo wake wa mwisho, na wajukuu saba. Ameacha pia kitukuu mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 4 Juni na kuletwa wodini siku iliyofuata. Marehemu alimpakata mara moja, kwa dakika kumi hivi, akampapasa mgongo wote taratibu kwa kidole gumba, kisha akamrudisha kwa mama yake na kusema hana kasoro. Mtoto huyo bado hajapewa jina.

Mama yetu na apumzike salama.