Nisizikwe na Namba ya Gasper

Erica, rudishia huo mlango, na wewe Mercy mwanangu panda hapa kitandani upande wa miguu, usinilalie tumbo, mnisikilize wote wawili, kwa sababu nesi amesema gari la kunipeleka Mbeya limeenda kuwekewa mafuta, na likishafika sitapata tena nafasi ya kusema na watu wangu. Najua wosia hutolewa na wazee, watu wenye mvi na mashamba, na mimi nina miaka ishirini na sita. Lakini mama alishatutangulia, Dennis baba yake Mercy yuko na lori kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Kongo, na simu yake haipatikani, kwa hiyo mkubwa wa nyumba hii ni mimi, na mkubwa akishaambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa mlangoni mbele ya mtoto na damu haitaki kukata, anaongea. Usilie, Erica. Ukilia nitasahau nilichotaka kusema. Naogopa, siwafichi, ila nina hasira pia, na leo hasira ndiyo inayonishikilia, niacheni nayo.

Ile simu ya asubuhi mliyodhani ni Dennis, alikuwa Gasper. Gasper huyo huyo mpiga picha, ambaye nimesimama mbele ya kamera yake tangu Mercy anajifunza kutembea. Anajua nimelazwa, aliona stetasi yako ukiomba watu waje kunichangia damu na mafuta ya gari. Akasema, "Pole sana, modo wangu," na kabla sijaitikia akaendelea, "Sasa Jumamosi kuna mzigo mpya wa vitenge, yule mdogo wako mrefu yupo?" Hivyo hivyo. Sijafa bado, na nafasi yangu imeshapata mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Na nilipokuambia habari hiyo, nilikuona, usibishe, nilikuona ulivyojitazama kwenye kioo cha dirisha ukaweka nywele sawa.

Sikukatazi kwenda. Umemaliza kidato cha nne kama mimi nilivyomaliza, unakaa kwenye kibanda cha vocha pale Sogea kama mimi nilivyokaa, na mtu akija akakwambia una sura ya kazi, utaenda tu. Ila uende ukijua ninachokijua mimi, na nimekijua jana, fikiria, jana, baada ya miaka yote hii.

Tulianza sawa, mimi na Gasper. Alikuwa na kamera ya kuazima kwa binamu yake na hakuwa na mtu wa kumpiga picha, mimi nilikuwa na sura na sikuwa na picha hata moja nzuri, tukakubaliana kila mtu amsaidie mwenzake, hakuna anayemlipa mwenzake, na sikuona ubaya, hata leo sioni. Ubaya ulianzia pale chini ya picha. Chini ya kila picha aliandika jina lake na namba yake ya simu, kwa rangi ya dhahabu, na jina langu halikuwepo popote. Mtu akiipenda picha anampigia Gasper. Kila nilipopendeza yeye ndiye aliyepandisha bei, akanunua taa, akanunua kamera yake, akapanga chumba cha studio, na mimi nilibaki yule yule dada wa kwenye picha. Kuna siku nilivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, nikakuta uso wangu kwenye pakiti za nywele za bandia, nikamwambia muuzaji huyu ni mimi, akanitazama na kandambili zangu akacheka, "Awe, mayo, hapana mama, huyu ni wa Lusaka." Nikanunua nilichofuata nikarudi nyumbani.

Na kazi yenyewe mnaiona rahisi. Kitenge cha dukani hakikatwi, maana baada ya picha kinarudi kukunjwa kiuzwe, kwa hiyo unazungushiwa nguo nzima mwilini, inakazwa mgongoni kwa vibanio mpaka ionekane imeshonwa. Mbele malkia, nyuma kamba ya kuanikia nguo. Unasimama hivyo kwenye reli ya TAZARA, mwezi wa sita, upepo wa Tunduma unakupuliza mbavu, hugeuki, huinami, hupumui sana, vibanio visije vikaachia, na unatabasamu kama mtu aliyetoka kula. Hiyo ni kazi, Erica. Asije akakwambia ni kusimama tu.

Malipo yalikuwa chipsi, soda na hela ya bodaboda. Nikiuliza, "Kaka Gasper, na mimi je?" ananiambia mteja hana bajeti, picha zenyewe ndizo malipo, zitakufungulia njia. Njia ya kwenda wapi, sikuwahi kumuuliza. Tulipochoka tukakaa saluni kwa Sekela, mimi, yeye Sekela na Irene wa mtaa wa Mwaka, wote tuliokuwa tukipigwa na Gasper picha za nguo, tukapatana kwamba hakuna atakayevaa nguo ya mtu tena bila kulipwa hela mkononi, na bei tukaipanga. Wiki haikuisha. Gasper akanijia mimi akasema, "Unajisumbua, Sekela ameshakubali, yuko njiani." Nikavaa viatu nikamuwahi. Nikamchukia Sekela, nyinyi ni mashahidi, tukasimama safu moja ya soprano kanisani bila kusalimiana, nikampa amani ya Bwana kwa ncha za vidole. Sasa muulizeni aliambiwa nini siku ile. Aliambiwa Roda ameshakubali, yuko njiani.

Haya ameyatoa Mama Ishaka, jana, akiwa amekaa hapo ulipokaa wewe; siku ile Gasper alimpigia Sekela simu akiwa dukani kwake, akasikia. Mama wa watu, mwenye lile duka la vitenge karibu na mpaka, kaja na chapati na chupa ya maziwa, ananitazama kwa huruma, mwisho akashindwa kuvumilia. "Roda mwanangu, usinione mbaya, hela zako huwa unazipeleka wapi, hata mdogo wako awaombe watu mafuta ya gari?" Nikamwambia, "Hela zipi, Mama Ishaka?" Akasema, "Si hizi ninazotoa kila ukinipigia picha? Mimi natoa ya kamera mbali na ya msichana mbali, nampa Gasper zote, na ya kwako ndiyo kubwa, kwa sababu wateja wa Zambia wakinitumia ujumbe hawaulizi nani kapiga, wanauliza kile alichovaa yule dada." Halafu akaongeza, maskini, "Nikawa najiambia huyu binti ana maringo, hajawahi hata kusema asante."

Maringo! Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikirudi nyumbani nawaambia yule mama ana mkono wa birika, mnakumbuka. Mwanamke huyo alikuwa akinibana vibanio kwa mikono yake, pumzi yake iko shingoni kwangu, tunacheka, tunaulizana habari za watoto, na hata siku moja hatukutamka neno hela, kwa sababu Gasper alituambia wote wawili, "Mambo ya hela niachieni mimi." Kwake alikuwa anaokoa heshima yangu, kwangu alikuwa anaokoa heshima ya mama wa watu. Nimekasirika mpaka nesi kaja kupima presha kaguna.

Kwa hiyo hili la kwanza, Erica, ulishike kwa mikono miwili. Jumamosi usiende studio kwanza. Nenda dukani kwa Mama Ishaka, msalimie, shikamoo yake umpe, kaa kwenye benchi, umuulize wewe mwenyewe anatoa nini kwa msichana. Aone aibu, uone aibu, muulize tu. Lakini kabla ya hapo, leo hii ukitoka hapa, pitia saluni kwa Sekela. Mwambie dada amesema sote tulidanganywa siku moja kwa maneno yale yale. Mwambie asitoke yeye bila wewe kujua, na wewe usitoke bila yeye kujua, na mtu akija na habari kwamba mwenzako ameshakubali, mpigie mwenzako hapo hapo, mbele ya huyo mtu, weka sauti ya nje.

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi. Hapana, usimwite nesi, tumbo limekaza tu, linapita.

Ile kahawa ya kijijini Itaka aliyotuachia mama, Erica, ni nusu yako na nusu ya Mercy, na baba mdogo akija na maneno kwamba shamba halikai kwa mabinti, mwambie mama alitamka mbele ya mzee wa kanisa, na mzee bado yupo. Viatu vyangu virefu vichukue, vinakubana kidogo, vitalegea. Vitenge vilivyoko kwenye begi ndiyo mshahara wangu wote, vishoneeni, msivitunze kama kumbukumbu. Dennis akifika mwambieni simlaumu, foleni siyo yake. Na huyu wa tumboni, mkimpata yeye mkanikosa mimi, awe wa kike mwiteni Ferista kwa jina la bibi yake, awe wa kiume baba yake atamtafutia. Ila Gasper asije akamlaza kwenye kikapu cha maua ampige picha. Lile gauni jekundu la wajawazito alinivika mimi akaniposti, wanawake wa mji mzima wakapanga mstari kwake wakalipa, halafu akaniambia, "Wewe nimekupiga bure, wenzako wanalipia." Nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani.

Sasa la picha. Mercy, sogea, hili unalisikiliza wewe. Juzi mdogo wangu, yaani mama yako mdogo huyu, alitafuta picha yangu ya kuweka kwenye tangazo la damu. Mimi, niliyepigwa picha kuliko mke wa mtu yeyote Tunduma, sina picha yangu. Kila moja ina namba ya Gasper kwa chini. Akaiweka hivyo hivyo, na watu walimpigia Gasper kuuliza bei ya gauni. Sasa nikifa, mtu wa kwanza kufika na turubai halijafungwa atakuwa yeye, mwepesi, na miwani nyeusi, atasema atachapisha picha ya msiba na fulana, bure, kwa mapenzi. Mkatalieni. Bure yake naijua. Sitaki kupelekwa Itaka na msalaba unaomtangazia mtu biashara.

Wekeni ile ya Mercy. Ile uliyonipiga na simu iliyopasuka kioo, nikiwa nasugua sufuria pale uani, nimefumba jicho moja kwa moshi, na pembeni kumeingia kidole chako, kinene, kimeziba ukuta. Msikikate hicho kidole. Ichapisheni na kidole chake, kila atakayeiona aulize ni cha nani, mseme ni cha mwenyewe aliyepiga.

Na wewe Mercy, mtu akikwambia wewe ni mzuri, sema asante, halafu endelea na ulichokuwa unafanya. Shule usiache. Usiku lala na mama yako mdogo, asilale peke yake.

Nasikia honi. Ndiyo lenyewe hilo? Basi inamisheni vichwa. Mungu aliyewaleta kwangu awashike, awape riziki inayopita mikononi mwenu wenyewe, mlale bila hofu, mwamke mkiwa wawili. Amina. Semeni amina.

Erica, bado moja. Mimi nilikuwa nikishataja bei, naogopa ule ukimya, naanza mwenyewe, "Lakini tunaongea, lakini hata ukipunguza," najishusha kabla mtu hajanishusha. Hebu taja bei yako nisikie, kama uko mbele ya Gasper. Hapana, unanong'ona, taja tena. Kubwa zaidi, wananifungulia breki za kitanda, sisikii vizuri.

Ee. Hivyo. Sasa usiongeze neno.

Nyamaza. Mwache yeye ndiye aseme.

Hivyo hivyo, mdogo wangu. Hivyo hivyo.