Bahasha ya Karani Ragna Hovde, 1936–2024

Ndugu, majirani na waombolezaji wote mliokusanyika katika kanisa hili la Vestre Dal leo Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mama yetu, bibi yetu na aliyekuwa karani wenu, nasi tunaomba mtuvumilie pale sauti itakapokwama.

Marehemu Ragna Hovde alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Novemba 1936, katika shamba la wazazi wake, Torvald na Inga Skarstad, hapa hapa Vestre Dal, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kumchagua rais, baba alikwenda kupiga kura na mama akabaki na uchungu wa kuzaa, jambo ambalo Inga hakulisahau, kwani hadi uzeeni alikuwa akimwambia, “Wewe binti ulininyima kura kabla hujaninyima usingizi.”

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya kijito, kuanzia mwaka 1942 hadi 1950, akamaliza sekondari mwaka 1954, akajiunga na chuo cha ualimu cha kaunti kwa miaka miwili, kisha akarudi kufundisha katika chumba kile kile alichojifunzia kusoma, hadi shule ilipofungwa mwaka 1962.

Tarehe 14 Juni 1958, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Arvid Hovde, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa thelathini na wawili, mtu wa maneno machache na Republican wa kuzaliwa, ilhali Ragna alikuwa Democrat kwa kuchagua mwenyewe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Karin mwaka 1961 na Leif mwaka 1964. Walipopiga kura yao ya kwanza ya rais, tarehe 8 Novemba 1960, walikwenda kwa gari moja, na walipotoka Arvid akasema, “Yako imeua yangu, yangu imeua yako, na ng'ombe wanangoja kukamuliwa, si tungebaki nyumbani tu?” naye Ragna akamjibu, “Baki wewe, bwana, uone nani atashinda.” Mwaka ule jimbo letu lilikwenda na chama cha Arvid, mwaka 1964 likaja kwa Ragna, 1968 na 1972 likarudi kwa Arvid, 1976 kwa Ragna, 1980 na 1984 kwa Arvid tena, na 1988, 1992 na 1996 likawa la Ragna, na sheria ya nyumba ilikuwa moja, kwamba aliyeshindwa anakamua peke yake asubuhi inayofuata, na aliyeshinda analala hadi jua litoke.

Mwezi Aprili 1971 mlimchagua kuwa karani wa mji, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili, na katika chaguzi kumi na moja za rais ni yeye aliyefungua mlango wa ukumbi wa kupigia kura saa moja asubuhi na kuufunga saa mbili usiku. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa moja aliyoichukia, kwani katika jimbo letu mtu aliyepiga kura mapema kwa bahasha, akatia saini mbele ya shahidi, kisha akafa kabla ya siku yenyewe, bahasha yake haifunguliwi, kwa hiyo kila uchaguzi Ragna alikuja na matangazo ya vifo aliyoyakata gazetini, akayalinganisha na majina yaliyo kwenye bahasha, akaziweka kando za waliofariki. Na tuseme wazi mbele ya jeneza lake, ni sheria ya ajabu, kwa sababu aliyepiga kura saa moja asubuhi akaanguka saa mbili anahesabiwa, na asiye na ndugu wa kumtangaza gazetini huenda naye akahesabiwa, lakini mzee aliyetumia nguvu zake za mwisho kushika kalamu anafutwa kwa sababu watoto wake walimheshimu wakatangaza msiba, haki hiyo ni ya nani? Karin alimuuliza hivyo mara nyingi, na jibu lake halikubadilika, “Sikuitunga mimi, mwanangu, lakini nikimpitisha ninayempenda, nitamzuia nani?”

Mwaka 2000 swali hilo liliingia nyumbani kwake. Arvid alikuwa hospitalini na saratani ya kongosho, akapiga kura kitandani tarehe 20 Oktoba, akafariki Jumamosi tarehe 4 Novemba, akazikwa Jumatatu, na Jumanne Ragna akafungua ukumbi kama kawaida, akiwa na gauni lile lile la mazishi. Zamu ya bahasha ya mumewe ilipofika, msaidizi wake alinyoosha mkono, akasema, “Ragna, hii niachie mimi,” naye akamjibu, “Karani ni mimi,” akaandika juu yake neno “amefariki”, akaiweka kando. Jimbo zima likaamuliwa kwa kura 5,708, likaenda kwa chama chake, na wiki ile ile kwenye kiwanda cha jibini wakamwambia, “Ragna, mumeo umemzika mara mbili, na mara ya pili umepata faida,” akachukua jibini lake akaondoka, na kwa miaka ishirini na minne hakulijibu neno hilo.

Leo analijibu, kwa kuwa alimruhusu Karin kusema yeye akishafariki. Jioni ile, dakika chache kabla ya mlango kufungwa, Ragna alichukua karatasi yake mwenyewe, akajaza kila nafasi, diwani, jaji, mbunge, na nafasi ya rais akaiacha tupu. Alimwambia Karin, “Tumeuana kura miaka arobaini. Sitashinda eti kwa sababu mwenzangu kafa.” Asubuhi yake chama chake kilikuwa kimelichukua jimbo, lakini alikwenda zizini, akakamua peke yake.

Alistaafu Aprili 2013, akamwachia kazi Darlene Kopplin, aliyemfundisha mwenyewe. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, na mwaka huu ukachoka kabisa. Tarehe 15 Oktoba alipiga kura kwenye meza ya jikoni, Leif akiwa shahidi, akamwambia, “Andika vizuri, Leif, usimpe Darlene kazi,” na Jumapili tarehe 27 Oktoba, saa nne asubuhi, akafariki akiwa amewashika mikono watoto wake wote wawili.

Siku iliyofuata mjukuu wake Signe alisimama jikoni akataka mazishi yangoje, na tangazo litoke Jumatano baada ya uchaguzi, akisema, “Siku chache tu, Mama! Amewahesabia kura miaka arobaini na miwili, wao wanashindwa kumhesabia moja?” Karin hakupaza sauti, alisema tu, “Bibi yako alimtoa Babu kwa mkono wake. Unataka tumpitishe yeye mahali alipokataa kumpitisha mumewe?” Signe akalia, kisha akaliandika tangazo mwenyewe, akalipeleka gazetini kabla ya saa sita, na Alhamisi akapeleka cheti cha kifo ofisini kwa Darlene, ambaye alikipokea, akasema, “Natamani usingekuja, mwanangu,” naye Signe akasema, “Hata mimi.” Darlene akaitoa bahasha, akaandika juu yake neno lile alilofundishwa na Ragna, na hapo ndipo Signe alipoamini kwamba bibi yake amekufa. Sheria tumeitii, ila hatujaikubali, na watakaofika kijijini kwetu kuomba kura watasikia hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokamua ng'ombe wetu wiki hii bila kuombwa, wasimamizi wote wa kura waliofanya naye kazi, Darlene, ambaye hakukwepa, na hata wale wa kiwanda cha jibini, ambao jana walileta chakula na kukaa nasi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na kitukuu mmoja.

Ragna, tunakuzika siku moja kabla hatujawasha mishumaa yako ya miaka themanini na minane, na nyumba ni kimya. Pumzika sasa, mama, kwa amani ya mtu asiyemdhulumu yeyote.