Mama Kimya na Neno la Kusimamisha Zoezi

Ndugu waombolezaji, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale yanapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, akasomea uuguzi na ukunga, na mwaka 1982 akapangiwa wodi ya wazazi.

Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti ambaye hakuishi, kwa kuwa siku ya kujifungua muuguzi aliyeona mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka alimwogopa daktari akanyamaza, na jambo hilo ndilo lililomtoa dada wodini mwaka 1996, akaenda chuoni kufundisha.

Huko aliwafunza walimu wa afya kuendesha mazoezi ya kuigiza dharura, madaktari, wauguzi na wakunga wakimhudumia pamoja mdoli anayepumua, na zoezi likiisha, wa kwanza kuzungumza ni mwenye cheo cha chini kuliko wote. Walimu walimwita Mama Kimya, maana mwalimu aliyekimbilia kuwasaidia wanafunzi mdoli alipozidiwa alivutwa shati naye na kunong'onezwa, "Acha afe, baba, huyu kesho tunamfufua, wale wa wodini hatuwawezi." Shemeji yetu naye alilalamika kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe anasikilizwa wa mwisho, baada ya kitinda mimba.

Kila zoezi lilianza kwa kukumbushana maneno ya kulikatisha iwapo mtu ataumia kweli, nayo ni "Simamisha, hii ni kweli."

Dada aliugua shinikizo la damu tangu mwaka 2015. Tarehe 2 Juni mwaka huu, akiwapima walimu wapya, alinyamaza katikati ya maelezo, mdomo ukapinda, akaanguka kando ya kitanda cha mdoli. Walimu walidhani amewatungia zoezi jipya, wakasimama mikono nyuma kama alivyowazoeza, mmoja akasema chini kwa chini, "Anajua kuigiza huyu mama," hadi mkunga aliyeajiriwa karibuni aliposema, "Simamisha, hii ni kweli," wasimwamini, akarudia akilia. Dada alipofikishwa kwa daktari, nusu ya mwili ilikuwa imekwisha kufa ganzi.

Sisi nduguze tulikasirika, sitaficha, na yapo maneno tuliyowatupia walimu wale mlangoni mwa wodi. Yeye, kwa ulimi mzito, alituambia, "Msiwalaumu. Sikuwafundisha kwamba hata mwalimu huanguka." Alifariki tarehe 11 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa chuo. Walimu wale nawaona, wamesimama nje ya uzio tangu asubuhi. Ingieni, ndugu zetu, jeneza linahitaji mabega yenu, na kwa utaratibu wake mwenyewe, atakayezungumza kwanza baada yangu ni yule mkunga.

Dada, simamisha sasa. Hii ni kweli. Lala kwa amani.