Kipa Aliyepumzishwa

Kila asubuhi mshonaji hufungua kitabu chake mara tu basi linapoondoka, lakini leo hakumaliza hata ukurasa. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa akiwasema wanamichezo wote walioshindana wiki hii. "Mwogeleaji kazidi madaha. Bondia naye kaanguka kabla hajaguswa."

"Na kipa wetu?" aliuliza aliyeketi kando ya mzee, mtu wa makamo aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi.

"Kocha kampumzisha. Dawa yake hiyo."

"Akishapumzishwa, atarudi?"

"Mwanangu, mpira una mambo. Leo kapumzishwa, kesho kasahaulika."

Mwenye ovaroli hakucheka. Aliuliza tena, kama anayemuuliza daktari: kipa mwenye mikono mizima, aliyedaka miaka yote hiyo, hatarudi? Mshonaji alijiambia kwamba hakuna kipa anayependwa kiasi hicho.

"Kwani huyo kipa ni nani yako?" mzee alishangaa.

Basi likasimama kituo cha kiwandani. Nje, wenye ovaroli kama ile walikuwa wakiingia getini. Yeye hakushuka.

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyepumzishwa," alisema taratibu. "Tangu Jumatatu. Na nyumbani bado wananifungia chakula cha mchana."