Bwana Valerian na Kichwa cha Twiga

Bwana Valerian Masele anastaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka kumi na mitano ya kuilinda, kuifagia na kuipaka chokaa Karakana ya Wachoraji ya hapa Tinde. Hakuna aliyeziona picha nyingi kuliko yeye, wala aliyezifuta nyingi kuliko yeye.

Wasioijua karakana yetu waelewe hivi. Kila msimu wachoraji wachache hualikwa, wakapewa chumba, ugali na rangi kwa miezi mitatu. Turubai hatuna, kwa hiyo huchora ukutani. Muda wao ukiisha, Bwana Valerian huzipaka kuta chokaa ili wanaofuata wapate pa kuchafua. Zamani walilia. Baadaye wakaona hafuti kwa mpangilio wa vyumba, wakaamini kwamba picha anayoipenda huiacha mwisho. Tangu hapo watu wazima, wenye vyeti na tai, hukataa kupanda lori la kwenda kwao. Hukaa dukani kando ya barabara wakinywa chai isiyoisha, wakisubiri kusikia nani kafutwa mwisho.

Mchoraji mmoja, Donatus wa Mwanza, hakutaka kusubiri. Alilala chini ya ng'ombe aliyemchora ukutani ili asiguswe. Bwana Valerian akamtazama sana yule ng'ombe.

"Mbona ana miguu mitano?"

"Wa tano ni mwendo, Baba," Donatus akajibu kwa maringo.

"Basi aende."

Chokaa ikapita, juu ya ng'ombe na juu ya nywele za Donatus.

Msimu huu wachoraji walidhani wamempata. Walimchora yeye mwenyewe, mkubwa, ameshika ndoo kama askofu aliyeshika fimbo. Alijifuta wa kwanza. "Anayetaka kuniona aje Nyahanga," alisema, maana huko ndiko anakohamia.

Mimi niandikaye, mwalimu wa hapa karakanani, ni mgonjwa, na daktari ameacha kunidanganya. Niungame basi: hao wa dukani, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1949 nilichora twiga kutoka sakafuni hadi darini. Mwili ulifutwa, kichwa kikabaki mwezi mzima. Nikaeneza habari kwamba macho yale yalimshinda Valerian kuyafuta, na kwa macho hayo nimewadharau wenzangu hadi leo. Juzi alipokuja kunijulia hali nilimwuliza, kwani sikutaka kufa kabla hajaniambia mwenyewe.

"Macho gani, Mwalimu?" alisema kwa upole. "Mama Esta wa dukani alikuwa ameazima ngazi."

Bwana Valerian, karakana inakushukuru kwa kuta safi, na kwa kutuondolea picha nyingi mbaya, yangu ikiwamo. Nenda Nyahanga ukapumzike, uishi miaka mingi yenye afya na amani. Ila nina ombi. Binti yangu Apolonia ameshaandaa maneno ya mazishi yangu, na macho ya twiga yamo. Siku hiyo, ndugu yangu, usiitaje ngazi.