Viti Arobaini vya Shemeji Veikko

Ndugu zangu mliokaa, na ninyi mliosimama huko nje juani kwa kukosa nafasi, mimi ni Obdulio Mairena, shemeji yake marehemu, familia imenituma nisome historia yake, ingawa wapo wenye sauti nzuri kuliko yangu, na dada yangu Hermelinda, mjane wake, amenionya nisitanie, jambo ambalo sikumwahidi.

Marehemu Veikko Salmela alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, katika kijiji kimoja karibu na mji wa Kuopio, nchini Ufini, akiwa mtoto wa nne wa mzee Eino na mama Lempi, mahali ambapo, kama alivyotuapia mara nyingi nasi tukakataa kumwamini, watu hutembea kwa miguu juu ya ziwa lililoganda miezi mitano ya mwaka. Alianza shule ya msingi mwaka 1951, akajifunza useremala kuanzia 1960, akaingia chuo cha Biblia mwaka 1967 na kuhitimu Mei 1970, kisha tarehe 6 Aprili 1971 kanisa lake likamleta hapa kwetu Los Jícaros, kusini mwa Honduras, katika mwezi ambao hata mbwa hawabweki kwa joto.

Jamani, mwaka ule! Alivaa soksi za sufu. Alipiga hodi majumbani saa nane mchana, wakati kila mcha Mungu na kila mpagani yuko kwenye kitanda chake cha kamba, na mama yangu, Bi Tránsito, akamwitikia bila kufumbua macho, "Mchungaji, saa hizi hata Mungu kajinyoosha, nenda kalale!" Ngozi ilimbabuka, vipele vya joto vikamjaa mgongoni, jibini yetu ikamwendesha tumbo, naye akaandika kwao barua ndefu za malalamiko. Hata hivyo alijenga kanisa dogo kwa mikono yake, akatengeneza viti arobaini, akavipaka rangi ya buluu, akavipenda kupita kiasi, maana hapa kijijini ni hivyo tu vilivyomtii.

Sasa nimefika mahali ambapo dada yangu alitaka niruke, nami siruki. Tarehe 3 Aprili 1972 baba yetu, mzee Eusebio, alifariki, na kama mnavyojua, kwetu msiba ukitokea viti havina mwenyewe, kila nyumba hutoa na mfiwa huchukua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mama akanituma kanisani. Veikko alisimama mlangoni, akanipa pole ya dhati kabisa, kisha akasema kwa Kihispania chake cha kuokotaokota, "Viti hivi ni vya ibada, ndugu Obdulio, na pale kwenu watacheza karata na kunywa." Nikamwambia, "Watacheza, ndiyo, na baba atafurahi." Hakutoa hata kimoja. Watu wakamlilia baba yangu wakiwa wamekalia matofali na ndoo zilizopinduliwa, mama akasema tu, "Usimwombe tena kitu," na tangu asubuhi ile hakuna aliyemsalimu wala aliyemuuzia yai, na Jumapili akavihubiria viti vyake peke yake. Mchana huo, alikuja kutuambia baadaye, alifungasha sanduku lake arudi kwao.

Lakini hakuondoka. Tarehe 12 Aprili, siku ya tisa na ya mwisho ya sala za msiba, alizunguka akiomba mkokoteni wa ng'ombe, akanyimwa kila alikopita, basi akaanza kuvibeba mwenyewe viwili viwili kichwani, kutoka kanisani hadi kwetu, nusu kilomita, jua la saa sita likiwa utosini. Sisi tulijilaza tukimtazama kupitia milangoni, na Mungu atusamehe, tulibishana ataangukia wapi, mimi nikasema karibu na kisima, na nikapatia, safari ya kumi na tatu. Aliyeinuka kwanza ni mama, mfiwa mwenyewe, akammiminia maji ya ndimu na chumvi mdomoni, akamwambia, "We mtu wewe! Umetuletea viti vyote hivi na hujakalia hata kimoja. Kaa." Akakaa, akalia kama mtoto, nasi kwa aibu tukaenda kuvileta vilivyobaki. Jioni ile alishika karata kwa mara ya kwanza maishani, akashindwa vibaya sana.

Tangu hapo viti vile havikuwahi kukutana vyote kanisani, na Jumapili asubuhi ilimbidi aulize kwanza, "Nani amefiwa?" ili ajue akahubiri wapi. Ah, siku zile! Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Hermelinda, wakajaliwa watoto watatu, ambao ni Aili, Nicolasa, na Eusebio, aliyepewa jina la baba yangu bila sisi kumwomba. Alifundisha useremala hapa kwa miaka thelathini na minane, na soksi alizivua mwaka wa pili.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa mjini Choluteca, na tarehe 9 Mei 2023, saa nane mchana, wakati wetu wa kulala, akafariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika kahawa na tamale za mahindi tangu jana, mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza, na kanisa lake la Ufini, lililotaka kumsafirisha kwao na likakubali abaki hapa tulipoliambia alikotaka kulala.

Jana jioni nilikwenda kanisani na ufunguo kumkusanyia viti vya msiba, nikakuta mlango umeng'olewa bawaba na ndani hamna hata kimoja, kwa kuwa mlikwisha kuvileta hapa, mmevikalia sasa hivi, wala hakuna aliyeniomba ruhusa. Shemeji, nimekununia siku tisa na kukupenda miaka mingi, nami nitakukumbuka kila kiti kikiazimwa. Umefika. Kaa, upumzike kwa amani.