Mwalimu Elihuruma Nnko: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuunganisha Ioni Bila Maabara

Mwalimu Elihuruma Nnko aliripoti shuleni kwetu Februari 1992, akiwa na begi moja na barua ya kupangiwa kazi iliyoeleza kwamba maabara ya Kemia ingekamilika ndani ya mwaka huo. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, akiwa ametimiza miaka sitini ya umri na thelathini na mitatu ya utumishi. Maabara ilizinduliwa wiki tatu zilizopita. Siku hiyo alipewa heshima ya kumshikia mgeni rasmi mkasi.

Kwa miaka yote hiyo alifundisha muungano wa ioni kwa chumvi ya kuazima jikoni. Sodiamu, aliwaeleza wanafunzi, ana elektroni moja tu kwenye mzingo wa nje na inamsumbua; klorini ana saba na anaitafuta ya nane. Sodiamu akitoa anakuwa na chaji chanya, klorini akipokea anakuwa na chaji hasi, na hapo wanavutana wasiachane. Mimi nafundisha Kiswahili darasa la jirani, na kipindi hicho nilikisikia kila mwaka kupitia ukuta wa mbao. Kwamba sodiamu na klorini aliwaingiza kwenye ngeli ya watu, nimeshamsamehe.

Jambo lililomletea sifa zaidi ni kutocheka. Kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye picha za wafanyakazi, midomo yake ilikuwa imefumbwa kama bahasha ya mtihani. Tulimwita Mzee wa Nidhamu, na wakuu wa shule watano walimpongeza kwa msimamo wake. Ukweli ni kwamba alizaliwa na kukulia kijiji cha Maji ya Chai, huko Meru, akanywa maji yenye madini ya floridi tangu utotoni, na meno yake yakaota ya kahawia. Alikuwa anaona aibu. Sisi wasomi tuliiita nidhamu.

Mwaka 2011 alikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, Naisiae, binti aliyekunywa maji ya aina ileile. Naisiae alijibu maswali akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Siku moja, katika kipindi cha ioni, mwenzake kutoka mjini alipaza sauti: "Naisiae, piga mswaki kwanza!" Darasa zima likacheka. Kwa bahati yake njema Mwalimu, siku hiyohiyo mkaguzi alikuwa amekaa dawati la nyuma.

Upande wangu wa ukuta tulisikia sauti yake ikiacha Kiingereza cha kumridhisha mkaguzi na kurudi kwenye Kiswahili chake cha kila siku, lugha ambayo kanuni haikuiruhusu katika somo la Kemia.

"Tazameni huku." Wanafunzi walinisimulia baadaye kwamba alifungua mdomo wote, akaelekeza chaki kwenye meno. "Haya yamepigwa mswaki asubuhi. Florini ana elektroni saba nje, anataka nane. Kalsiamu anazo mbili za kutoa, basi anawatosheleza florini wawili. Ndiyo maana floridi ya kwenye maji inapenda kalsiamu, na kalsiamu iko kwenye meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka. Hii ni Kemia. Siyo uchafu."

Hakuna aliyecheka. Kisha Naisiae akauliza, na sauti yake ilifika hadi kwangu bila kizuizi cha kiganja: "Mwalimu, kalsiamu akishatoa zote mbili, yeye anabaki na nini?"

"Anabaki na nane za ndani, mwanangu. Ametulia."

Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu ametoka nje ya andalio la somo, ametumia lugha isiyoruhusiwa, na ametumia zana ambazo hazimo kwenye orodha. Mwalimu alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Alijieleza kwa Kiingereza, kurasa nne, kwa ufasaha uliofanya jalada lifungwe kabla ya kusomwa. Kupandishwa daraja kulichelewa miaka mitatu. Hakulalamika. Ila kuanzia wiki ile tulianza kumsikia akicheka, kicheko kikubwa kisicho na adabu, na jina la Mzee wa Nidhamu likafa lenyewe.

Wapenda takwimu wataniuliza Naisiae alipata ngapi. Alipata D ya Kemia. Leo ni mpokea wageni katika hoteli moja mjini, kazi ambayo mtu huajiriwa kwa tabasamu, na ametuma salamu kwamba atahudhuria hafla ya kumuaga Mwalimu.

Mwalimu anarudi kwenye kahawa na migomba yake mteremkoni Meru. Tunamshukuru yeye, mama Elirehema mkewe, na watoto wao. Ratiba iliyobandikwa jana inaonyesha kwamba mwalimu mpya wa Kemia bado hajapangwa, na Mkuu wa Shule amemwomba mstaafu wetu ajitolee kwa muda, vipindi vinne, kuanzia Jumatatu. Amekubali. Kwa hiyo, Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, nakutakia mapumziko marefu na yenye baraka, Jumamosi na Jumapili.

Prisca Urio, Idara ya Lugha